Lang'ata ilikuwa ya nani kabla ya Raila?

Msomaji mmoja anayeishi South C, Nairobi, ameniuliza hivi: "Mwalimu, mjomba wangu anakaa mtaa wa Olympic na kila tukikutana ni ubishi. Anashikilia kwamba kiti cha Lang'ata tangu jadi ni cha Raila, na kwamba chama cha Jubilee kukichukua mwaka 2017 ulikuwa muujiza au wizi, hakuna la tatu. Mimi nilizaliwa 1998, ya zamani siyajui. Kabla ya Raila kulikuwa na nani? Na ngome ya miaka 20 huangukaje kirahisi hivyo?"

Nianze na mjomba, kwa sababu simlaumu. Mtu aliyekuwa Nairobi kati ya 1992 na 2013 hakuwahi kumwona mbunge mwingine wa Lang'ata. Watoto walizaliwa, wakamaliza shule, wakachukua kitambulisho, mbunge ni yule yule. Lakini ukiitazama historia ya kiti hicho yote, miaka hiyo 20 ndiyo ya ajabu. Kati ya 1969 na 1979 Lang'ata ilikuwa ikibadilisha wabunge kama matatu inavyobadilisha makanga, na baada ya Raila imeirudia tabia hiyo hiyo.

Anzia 1969. Uchaguzi ulifanyika Desemba, chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga kikiwa kimepigwa marufuku wiki chache tu kabla, kwa hiyo KANU ilibaki peke yake uwanjani. Kwa hali hiyo mchujo wa chama ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe: ukishinda mchujo, umeenda bungeni. Aliyeibuka Lang'ata alikuwa Yunis Ali, Mnubi wa Kibera. Kijana wa leo hushangaa akisikia hivyo, lakini Kibera yenyewe ni kijiji cha Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la mkoloni waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Hata jina "Kibra" ni lao, maana yake msitu. Sisi wengine sote tulikuja baadaye tukaongeza herufi.

Katika mchujo huo wa 1969 kulikuwa na kijana mmoja mfanyabiashara aliyeshindwa, Mwangi Mathai. Alirudi 1974 akapata. Wengi wanamjua kama mume wa Wangari Maathai, na hapa kuna kisa ambacho napenda kukisimulia kwa sababu kinaonyesha jinsi ahadi ya jukwaani inavyoweza kuishi maisha yake yenyewe. Katika kampeni zile Mathai aliwaahidi watu wa Lang'ata kazi. Kura zikapigwa, akaapishwa, na mkewe akaanza kuuliza: zile kazi ziko wapi? Mheshimiwa hakuwa na haraka nalo. Wangari akaona aibu, akaanzisha kampuni ndogo aliyoiita Envirocare ili watu walipwe kwa kupanda na kutunza miti na bustani. Kampuni haikufika mbali. Wazo ndilo lililofika: tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti saba pale Kamukunji, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema eneo bunge la Lang'ata halijawahi kuipa dunia kitu, mwambie tuzo ya Nobel ya 2004 ina mzizi wake mmoja katika ahadi ya kampeni ambayo haikutimizwa huko.

Mathai naye hakukaa. Mwaka 1979 aliangushwa na Philip Leakey, mwana wa Louis na Mary Leakey wa mabaki ya kale, ndugu yake Richard. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Bunge la Kenya tangu uhuru, na waliomchagua hawakuwa Wazungu wa Karen peke yao. Hao hawakutosha hata kujaza foleni za vituo vichache. Alichaguliwa na Waafrika wa Kibera na mitaa jirani. Hebu lihesabu hilo: chaguzi kuu tatu mfululizo, Mnubi, Mkikuyu, Mzungu. Kama kuna anayetaka kuniambia Lang'ata ilikuwa "ya watu fulani", anieleze kwanza mfuatano huo.

Enzi za chama kimoja zilikuwa hivyo Kenya nzima, kwa kweli. Rais hakuguswa, lakini mbunge aliweza kung'olewa kwa sababu tu daraja halikujengwa. Watu walitoa hasira zao hapo palipobaki wazi. Halafu 1988 ikaja kura ya mlolongo, wapiga kura wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mchujo anapita moja kwa moja bila uchaguzi. Foleni fupi zikatangazwa ndefu mchana kweupe. Ya mwaka ule nayapita haraka, maana matokeo ya mlolongo hayakuambii wananchi walitaka nini. Yanakuambia tu karani alitangaza nini.

Sasa tufike 1992. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kimeondolewa Desemba 1991, vyama vingi vimerudi, FORD imepasuka vipande viwili: FORD-Asili ya Kenneth Matiba na FORD-Kenya ya Jaramogi. Raila ametoka uhamishoni Norway mwanzoni mwa mwaka, baada ya miaka mingi kizuizini. Nyumbani Bondo baba yake, Jaramogi, ndiye anayesimama. Kijana, ambaye alikuwa amekaribia miaka 48 lakini kwenye siasa za Kenya huyo bado ni kijana, akachagua Lang'ata. Desemba 29 akamwangusha Leakey.

Ushindi ule hutajwa kana kwamba ulikuwa kitu cha hakika. Ukiangalia ramani ya Nairobi ya usiku ule utaona haukuwa. Jiji lilikuwa na viti vinane. FORD-Asili ilizoa sita. KANU ikanusurika na kimoja, Westlands. FORD-Kenya nayo ikapata kimoja tu, na hicho ndicho Lang'ata. Wimbi la Matiba lilipita kila mahali likazunguka Kibera. Hapo ndipo penye ufunguo wa swali lako lote, kwa hiyo nishike mkono tulitazame kwa karibu.

Lang'ata ya wakati ule ilikuwa na nyumba mbili chini ya paa moja. Upande mmoja Kibera: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, vijiji vilivyobanana kati ya reli na bwawa, vyumba vya futi kumi kwa kumi, wapiga kura wanaoamka saa kumi usiku kupanga foleni. Upande wa pili Karen yenye mashamba na nyua za michongoma, mitaa ya Lang'ata kama Otiende na Onyonka, Nairobi West, South C kwenu. Katikati mbuga ya wanyama, ambayo kwa bahati nzuri haipigi kura. Nyumba ya pili ilikuwa na ardhi karibu yote. Ya kwanza ilikuwa na watu wengi walio tayari kupiga kura kwa sauti moja. Mgombea aliyeishika Kibera aliweza kugawana huko kwingine na bado akalala usingizi.

Lakini kuishika Kibera kulikuwa kazi, usidhani ilijileta. Raila alipogombana na Michael Wamalwa juu ya uongozi wa FORD-Kenya baada ya Jaramogi kufariki Januari 1994, alihamia chama cha NDP mwisho wa 1996. Sheria ya wakati ule ilisema mbunge akihama chama amekiacha kiti, arudi kwa wananchi. Sheria hiyo ina historia tamu: ilipitishwa 1966 kwa haraka ili kumkomesha baba yake, Jaramogi, na wenzake waliotoka KANU kwenda KPU, ndipo ukaja ule uchaguzi mdogo mkubwa wa mwaka huo. Miaka 30 baadaye kisu kile kile kikamgeukia mwana. Akajiuzulu, uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 1997, akashinda kwa NDP. Desemba mwaka huo huo akashinda tena kwenye uchaguzi mkuu. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kwa chama ambacho mwaka uliotangulia wengi hawakukijua. Kwa maoni yangu huo ndio wakati Lang'ata ilipogeuka kuwa ngome. Mwaka 1992 watu walichagua chama. 1997 walimchagua mtu.

Hata humo ndani ya ngome kulikuwa na nyufa. Mwishoni mwa 2001, Raila akiwa waziri katika serikali ya Moi, Rais na yeye walitoa kauli kwamba kodi za nyumba Kibera ni za juu mno na zipunguzwe. Wapangaji wakafurahi, wenye nyumba, wengi wao Wanubi, wakakataa, na mtaa ukaingia vita, watu wakafa. Kauli ya dakika chache. Wanubi wengi hawakusahau, na ukisikia leo mzee wa Makina anapiga kura kinyume na jirani yake wa Lindi, usifikiri ni ubishi tu. Swali la ardhi ndilo siasa yao. Hati ya ekari 288 waliipata 2017, baada ya kuisubiri vizazi na vizazi.

Uchaguzi wenye uzito zaidi Lang'ata ulikuwa 2007, na sababu yake wengi wa rika lako hawaijui. Katiba ya zamani ilimtaka Rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa. Moi alikuwa na Baringo Central, Kibaki Othaya. Maana yake ni kwamba mgombea urais angeweza kushinda nchi nzima, akashindwa nyumbani kwake, na Ikulu ikampita. Upande wa PNU, chama cha Kibaki, uliliona hilo vizuri. Stanley Livondo akaja Lang'ata na kampeni ya nguvu, na lengo halikuwa kiti chenyewe: ilikuwa kufunga mlango wa Ikulu kutokea uani. Siku ya kura, Desemba 27, Raila alifika Old Kibera Primary akaambiwa jina lake halionekani kwenye daftari. Akaondoka, akarudi baadaye likiwa limepatikana, akapiga. Mpaka leo kuna wanaoapa lilikuwa kosa la karani na kuna wanaoapa halikuwa. Alishinda ubunge bila taabu kubwa. Yaliyotokea kwenye urais, na reli ya Kibera iliyong'olewa na vijana wenye hasira Januari 2008, hayo mjomba atakusimulia vizuri kuliko mimi.

Sasa ngome iliangukaje? Jibu langu ni kwamba haikuanguka. Ilihamishwa na wapima ramani.

Katiba ya 2010 iliweka maeneo bunge 290 kutoka 210, na ikadai kila eneo liwe na idadi ya watu inayokaribiana na wastani wa taifa. Wastani huo, kwa sensa ya 2009, ulikuwa watu 133,138. Miji iliruhusiwa kuzidi kwa hadi asilimia 40, yaani kama 186,000 hivi. Lang'ata ilikuwa na zaidi ya 350,000. Ilikuwa lazima igawanywe sehemu mbili, na mstari wa kisu ulikuwa unajulikana na kila mkazi hata kabla ya tume kukaa. Sensa hiyo hiyo ilisema vijiji vya Kibera vina watu 170,070. Waliokuwa wakiimba "milioni moja" kwenye ripoti za wafadhili walikasirika, lakini kwa kazi ya kugawa mipaka namba hiyo ilikuwa kama imeagizwa. Machi 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza: Nairobi kutoka viti 8 hadi 17. Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley zikawa Kibra. Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise zikabaki na jina la Lang'ata.

Hapo ndipo jina lilipotudanganya sote. Lang'ata ya 2007 na Lang'ata ya 2013 ni vitu viwili vilivyovaa kofia moja. Wachambuzi waliendelea kuandika "ngome ya Raila" kwa mazoea, huku ngome yenyewe imeondoka na wapiga kura wake. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, mtazame Raila mwenyewe: nyumba yake Karen, ndani ya Lang'ata, kituo chake cha kura Old Kibera, ndani ya Kibra. Kuanzia 2013 alikuwa akilala eneo bunge moja na kupiga kura jingine. Na kwa vile sheria mpya hairuhusu mgombea urais kuwania ubunge papo hapo, jina lake halikuwa tena kwenye karatasi ya mbunge, si huku wala kule.

Yaliyofuata Lang'ata ni haya. Machi 2013 ODM, chama cha Raila, ilishinda kwa Joash Olum. Agosti 2017 Nixon Korir akakichukua kwa Jubilee. Agosti 2022 Phelix Odiwuor, yule Jalang'o wa redioni, akakirudisha ODM, Korir akiwa sasa kwa UDA, chama cha Ruto. Chaguzi tatu, wabunge watatu, hakuna aliyerudi. Ni 1969, 1974 na 1979 zimejirudia.

Kuhusu 2017 hasa: huhitaji wizi ili kuueleza, hata kama simkatazi mjomba kushuku. Mwaka 2013 TNA ya Uhuru Kenyatta na URP ya Ruto zilikuwa vyama viwili, kila kimoja na tiketi yake. Septemba 2016 vikaungana na vingine kuwa Jubilee, tiketi ikawa moja. Kura za mitaa ya tabaka la kati zimechanganyika makabila na dini, na mwaka ule Jubilee ilikuwa na nguvu Nairobi hata kwenye ugavana: Sonko wa Jubilee alimwondoa Kidero wa ODM wakati huo huo. Bila Kibera ya kuziba pengo, ODM Lang'ata ilikuwa inapigana kwa mkono mmoja. Hata hivyo usiseme basi Lang'ata hufuata upepo wa kaunti. Mwaka 2022 gavana alitoka UDA, Sakaja, na Lang'ata ikampeleka bungeni mtu wa ODM. Watu wenu hawapigi suti, yaani chama kimoja kwa viti vyote. Kila mmoja huingia na karatasi zake sita akashona nguo ya rangi apendayo. Jalang'o naye Februari 2023 alionekana Ikulu akikutana na Rais Ruto, chama kikataka kumfukuza, na kwa eneo bunge la namna yenu sikushangaa: mbunge asiye na ngome hutafuta marafiki pande zote.

Anayetaka kuona ngome ilikokwenda, aitazame Kibra. Ken Okoth, mtoto wa Kibera aliyewahi kuuza magazeti na kusoma Starehe, alishinda kwa ODM 2013 na 2017, akajijengea jina kwa karo na madarasa. Alipofariki kwa saratani Julai 2019 uchaguzi mdogo ukaitishwa Novemba 7. Jubilee ilimleta McDonald Mariga, mchezaji wa zamani wa Inter Milan, kwa fujo zote za kampeni, na ODM ikawa inaita mahali pale chumba cha kulala cha Baba, yaani Raila, wageni wasiingie. Matokeo: Imran Okoth, ndugu wa marehemu, kura 24,636, Mariga 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275. Waliosajiliwa walikuwa zaidi ya 118,000, kwa hiyo wengi walibaki nyumbani, na Mariga hakuwa mdogo kama walivyomcheka. Lakini kiti hakikutikisika. Mwaka 2022 kikaenda tena ODM, kwa mwalimu Peter Orero.

Ushauri mmoja wa kikazi, kwa vile unapenda ubishi: usibishane kwa jina la eneo bunge, bishana kwa vituo. Fomu 35A, ya matokeo ya ubunge ya kituo, hubandikwa mlangoni pa darasa usiku ule ule kura zikishahesabiwa, na 35B hujumlisha eneo zima. Chukua za Nyayo Highrise uzilinganishe na za Karen. Utaona ndani ya eneo bunge moja kuna zaidi ya Lang'ata mbili.

Mipaka ilipaswa kupitiwa tena kabla ya Machi 2024, ila tume haikuwa na makamishna tangu mwanzo wa 2023 hadi Julai 2025, na mabadiliko yakikamilika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi hayatumiki kwa uchaguzi huo. Kwa hiyo usitarajie 2027 ramani tofauti na hii ya 2012.

Na mjomba, akianza tena, muulize alipigia kura wapi 2017. Anakaa Olympic, na Olympic iko Kibra. Kama kituo chake kiko huko mtaani, hajawahi kutia kura kwa Olum, Korir wala Jalang'o. Mara ya mwisho nyumba yenu na yake kupewa karatasi moja ya ubunge ilikuwa Desemba 2007, wewe ukiwa na miaka tisa.